Ulinganisho: filamu ipi ya metro nyuma ya pazia inafaa ukumbi wa Katuba? Ya usiku, ya uongozi, ya kuchimba au ya vituo vilivyofungwa

Yaya_Katuba

Jambo kwenu wote. Tuna ukumbi mdogo hapa Katuba, Lubumbashi, viti 40 hivi, na watakaokuja Jumamosi ni wanafunzi wa ufundi: umeme, mekanika, na wachache wa ujenzi. Tunataka kuwaonyesha filamu moja ya televisheni, ya zile zinazoingia nyuma ya pazia la metro, yaani treni za chini ya ardhi za mijini. Zinazopatikana naona zinaangukia mafungu manne:

A – chumba cha uongozi na mashinisti (madereva wa treni), siku nzima ya kazi
B – kazi za usiku, reli zikitengenezwa wakati treni zimelala
C – kuchimba handaki jipya kwa mtambo mkubwa
D – vituo vya zamani vilivyofungwa

Kila moja ni dakika 45 hadi 60. Vifaa vilivyopo: TV ya inchi 43, projekta ndogo ya LED, batri moja ya asidi 12 V 100 Ah na konvertiseri ya kugeuza umeme wa batri uwe wa nyumbani. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hatuutegemei. Mngechagua ipi, na kwa sababu gani? Tafadhali msijibu "zote nzuri".

Reli1067

B. Kinachoibeba ni saa ya ukutani. Katika A, treni ikichelewa dakika nne msimulizi anapandisha sauti, lakini anachoona mtazamaji ni watu wamekaa mbele ya skrini. Katika B kazi inaonekana kwa macho, na mwisho wake haubembelezwi: treni ya kwanza ya alfajiri. London, usiku wa kawaida, treni za mwisho zinapita baada ya saa 6 usiku na za kwanza zinatoka kama saa 11 alfajiri. Ondoa muda wa kukata umeme, kushusha vifaa, kuvipandisha na kurudisha umeme. Fundi anabakiwa na saa 3 na kitu. Ijumaa na Jumamosi ni mbaya zaidi, kwa sababu tangu 2016 baadhi ya njia zinatembea usiku kucha.

Filamu huwa inakatakata mpangilio wa kazi, kwa hiyo waeleze wanafunzi kabla hujaiwasha. Uongozi unakata umeme wa reli. Hakuna anayeshuka kwa kuambiwa tu kwamba umekatwa: kifaa kinawekwa kwenye reli za umeme kuonyesha kama bado kuna volti. Mtu mmoja ndiye mwenye dhamana ya kundi, na bila neno lake hakuna mguu unaogusa njia. Mwishoni vifaa vinahesabiwa. Bisibisi moja ikikosekana, umeme haurudi mpaka ionekane, na abiria wa alfajiri watasubiri.

Sehemu yenye utamu ni kuunganisha reli kwa kuyeyusha. Wengi wanaiangalia kama fataki. Reli mbovu inakatwa, na kati ya ncha mbili inaachwa nafasi ya milimita 25 hivi. Ncha zinainuliwa kidogo, milimita 1 hadi 1.5 zikipimwa kwa rula ya mita moja, kwa sababu sehemu ya juu ya kiungo hunywea zaidi kikipoa. Asiyeinua anapata bonde, na kila gurudumu litakalopita litapiga hapohapo mpaka reli ipasuke. Kisha kalibu inafungwa kuzunguka ncha, kingo zinazibwa kwa mchanga maalum, na gesi inapasha ncha dakika kadhaa mpaka ziwe nyekundu. Hapo chungu kinawashwa. Ndani yake mna unga wa alumini na oksidi ya chuma. Alumini inanyang'anya oksijeni, joto linapita digrii 2,000, na chuma kilichoyeyuka kinateremka chenyewe kwenye nafasi. Baada ya dakika chache kinachozidi kinakatwa kingali chekundu, halafu kichwa cha reli kinasagwa kwa jiwe.

Makosa ni haya: kalibu yenye unyevu inaingiza mvuke, chuma kinatoka na matundu kama mkate. Kingo zikizibwa vibaya, chuma kinavuja. Ncha zikipashwa nusunusu, chuma kipya hakishikani na cha zamani, na kwa nje huwezi kuona kitu. Ndiyo maana kiungo kinapimwa kwa mawimbi ya sauti, hakiaminiwi kwa jicho.

FundiKipushi

Papa Reli, unajua kutetea chako. Lakini huu ni mji wa watu wa migodi, kwa hiyo mimi naipigia C.

Kwanza waambie vijana wasitishwe na neno "chini ya ardhi". Kituo chenye kina kikubwa kuliko vyote London ni Hampstead, mita 58 na nusu. Shimo la P5 la mgodi wetu wa Kipushi ni mita 1,240. Kwa mchimbaji wa kwetu London ni ghala la chini ya nyumba. Ugumu wao ni vitu vilivyo juu ya kichwa: majengo, mabomba ya maji, mahandaki ya zamani, na udongo wa mfinyanzi badala ya mwamba. Kwetu unachoronga, unajaza baruti, unalipua, unatoa mawe, unafunga boliti. Chini ya mji huwezi kulipua hivyo kila siku.

Kwa mfano mzuri tafuta filamu ya njia ya Elizabeth ya London, iliyofunguliwa Mei 2022. Mitambo 8, mahandaki ya kilomita 42, kichwa cha kukatia chenye kipenyo cha mita 7.1, kila mtambo uzito wa tani 1,000 hivi. Wanafunzi waangalie kitu kimoja: shinikizo nyuma ya kichwa. Udongo uliokatwa unajaa kwenye chumba, na parafujo ndefu inautoa kidogo kidogo. Parafujo ikizunguka haraka kuliko mtambo unavyosonga mbele, shinikizo linashuka, udongo wa mbele unaanguka ndani, na barabara ya juu inabonyea. Ikizunguka polepole mno, ardhi inavimba. Opereta anacheza na kasi hizo mbili siku nzima. Anaonekana kama mtu anayeangalia namba tu, lakini hapo ndipo jengo la juu linapona au linapopasuka.

Nyuma ya kichwa, pete ya zege inapangwa kwa vipande 8, cha mwisho ni kidogo kama kabari, ndicho kinachokaza pete nzima. Nafasi inayobaki kati ya pete na udongo inajazwa saruji nyepesi kwa pampu mara moja. Ukichelewa kujaza, udongo unashuka kuziba nafasi hiyo. Pale Tottenham Court Road mtambo ulipita kwa chini ya mita moja kutoka handaki la njia ya Northern, na treni za watu zilikuwa zinatembea.

Kasoro ya C: mitambo inafanana, na ukishaona pete ya kwanza ikipangwa, ya hamsini ni ileile. Dakika 20 za filamu huwa ni picha za mtambo na muziki.

MamaSigna_Goma

Ndugu zangu, A mmeizika ingali hai. Tatizo lake ni mtazamaji kutojua anaangalia nini. Ukimpa mtu funguo mbili tatu, A inaipita B.

Ufunguo wa kwanza ni mkono wa breki. Kwenye njia za London ambazo bado zina ishara za zamani, Piccadilly na Bakerloo kwa mfano, kando ya reli kuna mkono mdogo wa chuma. Ishara ikiwa nyekundu mkono umesimama. Treni ikipita kwa makosa, mkono unagonga kilango cha hewa (valvu) chini ya behewa, hewa ya breki inatoka, treni inajisimamisha. Hauombi ruhusa kwa mashinisti. Filamu inaonyesha sekunde mbili tu, kwa hiyo simamisha picha hapo.

Ufunguo wa pili ni namba 100. Njia ya Victoria inajiendesha tangu ilipofunguliwa 1968. Mashinisti anafunga milango na kubonyeza vitufe viwili, treni inaondoka yenyewe. Tangu 2017, wakati wa msongamano zinapita treni 36 kwa saa, yaani moja kila sekunde 100. Katika sekunde hizo 100 lazima treni iondoke, jukwaa liwe tupu, nyingine iingie, isimame, watu washuke na kupanda. Mtu mmoja akizuia mlango kwa begi sekunde 20, treni ya nyuma inapunguza mwendo ndani ya handaki, inayofuata inasimama kabisa, na dakika kumi baadaye uongozi unatafuta treni ya kuigeuza njiani ili nafasi zirudi sawa. Ukilijua hili, mtu aliyekaa kimya mbele ya skrini anakuwa mchezaji wa bao anayehesabu kete.

Ufunguo wa tatu: abiria akivuta kengele ya hatari, mashinisti hasimami popote alipo. Kama treni imeshatoka kabisa jukwaani, anaendelea mpaka kituo kinachofuata. Mgonjwa aliyekwama katikati ya handaki ni mgonjwa asiyefikiwa na daktari, na kumtembeza mtu relini kunataka umeme ukatwe kwanza, jambo linalosimamisha njia nzima.

Reli1067

Mama Signa, hapo kwenye bao nimekubali. Ila kwa vijana wa umeme B ina jambo ambalo A haina: reli nne. Wengi watasema "reli ya tatu" kwa sababu ndivyo ilivyo Paris na miji mingi, na umeme unarudi kupitia reli za magurudumu. London kuna ya nne katikati. Mpangilio wa kawaida: reli ya pembeni +420 V, ya katikati −210 V, jumla 630 V za mkondo mnyoofu. Sababu yake ni mahandaki ya zamani yaliyovikwa pete za chuma cha kalibu: umeme ukirudi kwenye reli za kawaida unavujia kwenye chuma cha handaki na mabomba ya jirani, na unakila polepole. Waulize wanafunzi: kwa nini wasifunge waya juu kama ile ya 25,000 V ya SNCC, shirika letu la reli? Kipenyo cha handaki la zamani ni kama mita 3.56. Treni imejaza tundu lote, juu hakuna pa kupitisha waya.

Na msiwapite wafagiaji wa usiku. Filamu nyingi zinawapa dakika mbili za kuchekesha: nywele, nyuzi za nguo, vumbi la ngozi ya watu. Vumbi hilo linaungua. Moto wa kituo cha King's Cross, tarehe 18 Novemba 1987, ulianzia chini ya ngazi za umeme za mbao ambako grisi na uchafu vilikuwa vimejikusanya, kijiti cha kiberiti kikaangukia humo. Watu 31 walikufa. Ufagio ule ni kifaa cha usalama sawasawa na ishara nyekundu.

Taa_Bukavu

Mnabishania filamu, hakuna aliyeuliza kama itaonekana. Handaki ni giza, na giza ndilo linaloumbuka kwanza faili likibanwa. Faili la 360p, yaani picha ya ubora wa chini, ni kama MB 300 kwa saa, lakini ukuta wa handaki unageuka miraba myeusi inayorukaruka, na ule mkono wa breki wa Mama Signa hutauona kabisa. Chukua 720p, GB 1 hadi 1.5 kwa saa. Hapo usibane mega.

Faili liwe MP4, picha H.264, sauti AAC. TV za zamani kidogo zinagoma kusoma picha za aina ya HEVC, VP9 na AV1. Zikigoma unaona jina la faili tu, au sauti inakuja bila picha. Sauti ikiwa DTS au Opus, picha inakuja bila sauti. Flash iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Maandishi ya chini yawe .srt yenye jina lilelile la video, yahifadhiwe kwa UTF-8, la sivyo kila "é" ya Kifaransa inakuwa takataka.

Mtego mmoja: filamu uliyopakua ndani ya programu ya simu kwa kuangalia bila mtandao haihamishiki kwenye flash, imefungwa. Utaipitisha kwa waya wa HDMI, na simu nyingi za bei nafuu hazitoi picha kwenye USB-C. Jaribu Alhamisi, usingoje Jumamosi. Na kuonyesha watu ukumbini, hata bila kiingilio, kunahitaji ruhusa ya mwenye filamu, mwandikie mapema.

Projekta iache. Za LED ndogo zinaandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) elfu kadhaa kwenye boksi, mwanga halisi ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Katuni itaonekana, handaki halitaonekana. TV ya inchi 43 ina picha yenye kimo cha sentimita 53 hivi. Watu 20 kwa nusu duara, wa mwisho wasipite mita 4. Onyesha mara mbili. Toa TV kwenye mtindo wa picha kali za dukani, weka wa sinema, kisha pandisha mwangaza kidogo mpaka mataruma yaonekane kwenye kivuli. Kiyoo kisielekee dirisha.

Yaya_Katuba

Aksanti sana, papa. Batri itafika mara mbili?

Taa_Bukavu

Piga hesabu. TV 80 W, spika ya pembeni 30 W, jumla 110. Konvertiseri inakula chake, weka 130. Batri ya asidi 12 V 100 Ah ni Wh 1,200, lakini usiishushe chini ya nusu kama unataka ikae miaka, kwa hiyo una 600. Gawa: saa 4 na nusu ikiwa batri ni nzima, iliyochakaa ihesabie saa mbili. Maonyesho mawili ya dakika 75 pamoja na kusimamisha picha ni saa 2 na nusu. Waya wa kutoka batri hadi konvertiseri uwe mfupi na mnene, boliti zikazwe. Ukilegea unapata moto na konvertiseri inapiga kelele batri ingali imejaa.

FundiKipushi

Na D? Hakuna anayeisemea.

MamaSigna_Goma

D ni ya watu wa historia. Aldwych iliyofungwa 1994, Down Street iliyofungwa 1932 na baadaye wakuu wa reli wakaitumia kama makao ya vita, Croix-Rouge ya Paris iliyofungwa 1939. Vigae vizuri, matangazo ya zamani. Mwanafunzi wa mekanika atalala dakika ya 15.

Swali la maana zaidi ni lugha. Filamu nyingi za London ni za Kiingereza, na vijana wa Lubum shule ni Kifaransa. Ya Paris wataisikia wenyewe. Nayo ina kitu London haina: magurudumu ya mpira.

Reli1067

Njia 5 kati ya 16 tu, asije mtu akasema Paris yote: ya 1, 4, 6, 11 na 14. Ilianza na ya 11 mwaka 1956. Chini ya behewa waonyeshe vitu vitatu: tairi inayobeba uzito, gurudumu dogo la mlalo linaloongoza kwenye ukingo, na gurudumu la chuma nyuma ya tairi ambalo kwa kawaida halibebi kitu. Tairi ikipasuka, behewa linashuka sentimita chache na chuma kinabeba. Penye kuchepuka njia, chuma hicho ndicho kinachoongoza. Faida: inashika haraka na kupanda mlima vizuri. Hasara: inakula umeme zaidi na kutoa joto zaidi ndani ya handaki. Kwa joto hata London wanateseka. Udongo uliokuwa na digrii 14 mahandaki yalipochimbwa sasa sehemu nyingi umepita 20, maana breki na mota zimeupasha zaidi ya miaka mia na mfinyanzi hauachii joto kirahisi.

Tafuta ile inayoonyesha njia ya 1 ikibadilishwa kuwa bila mashinisti. Milango ya jukwaani ilifungwa usiku, kituo baada ya kituo, mchana abiria wanapita kama kawaida, na treni za kwanza zisizo na mashinisti zikaanza Novemba 2011. Ni B na A ndani ya filamu moja, kwa Kifaransa.

FundiKipushi

Kama ni hiyo, C naiachia. Ila uwaonyeshe dakika 10 za parafujo kabla ya kuanza, wa ujenzi wasiondoke mikono mitupu.

Yaya_Katuba

Basi ni Paris njia ya 1, na dakika 10 za Papa Fundi mwanzoni. Nitasimamisha wapi?

MamaSigna_Goma

Mara nne, usizidishe. Kwanza, umeme unapokatwa: waulize nani alithibitisha na kwa kifaa gani. Pili, mlango wa jukwaani unapopangwa sawa na mlango wa treni: treni isiposimama pale pale, milango miwili haikutani, kwa hiyo breki ndiyo iliyotakiwa kuwa sahihi kabla ya mlango. Tatu, chini ya behewa, yale magurudumu matatu. Nne, saa yoyote inayoonekana ukutani au mkononi mwa fundi. Zilinganisheni: mara nyingi picha zimepangwa nje ya mfuatano ili kuongeza wasiwasi, na saa inamuumbua mhariri.

Taa_Bukavu

Yaya, ukisimamisha zaidi ya dakika tano TV nyingine zinaingia kwenye picha ya kulala na flash inaanza faili mwanzo. Andika dakika na sekunde za kila mahali utakaposimamisha kwenye karatasi. Na weka kipimo cha volti kwenye batri: kikisoma chini ya 11.8 TV ikiwa imewaka, zima spika kwanza, kisha maliza kwa sauti ya TV.

Yaya_Katuba

Nimeandika. Alhamisi saa 10 jioni tunajaribu faili na waya.